Sifa za Mashua ya Bahi

Nta ya nyuki ikichemshwa pamoja na mafuta ya kambare hutoa harufu tamu na mbaya kwa mpigo mmoja, na ikinifikia puani mimi huwa mtoto wa miaka minane tena, nimechuchumaa ukingoni mwa kinamasi cha Bahi, zama za Mdachi. Mwaka huo mvua zilinyesha bila adabu. Mbuga tuliyochungia ndama iligeuka ziwa, bata wakatua juu ya shamba letu la uwele, na watu wakawa wanashika kambare kwa mikono katikati ya mashina ya mtama. Nyumba yetu, tembe la udongo, ilikuwa kando ya njia ya misafara, nami nilitumwa kila siku kuwauzia wapagazi maziwa, nikaokota Kiswahili chao neno kwa neno. Baba alijua salamu na maneno mawili matatu, na mama hata hayo hakuyataka. Basi mgeni akifika, mkalimani wa nyumba alikuwa mimi, Nyemo, na kichwa kilinivimba kwelikweli.

Ndipo akaja Fundi Hamadi, mtu wa pwani, akifuatana na mashua ndogo iliyobebwa na wapagazi. Mjerumani mmoja aliyekuwa akipima njia ya reli alitaka kuvukia maji yetu, naye angefika baada ya siku nne. Chini ya mashua palikuwa na tundu la kumwagia maji ya mvua chombo kikivutwa nchi kavu. Likishamaliza kazi huzibwa kwa kizibo kinachoitwa nguruzi. Mbao za kulizunguka tundu hilo zilikuwa zimeoza. Fundi alitakiwa azikate, atie mbao mpya, kisha apitishe bomba fupi la shaba lenye mdomo mpana kwa nje na nati ya kukazia kwa ndani. Askari aliyeileta mashua alisema wazi mbele yetu sote kwamba ikivuja, fundi atakula hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Nilimtazama Fundi Hamadi, mwembamba, mwenye kikohozi, nikajua hatavimaliza akiwa hai. Nami nilikuwa nimeshampenda. Aliniita mwalimu wake kwa sababu nilimfundisha kuamkia kwa Kigogo, na kila asubuhi aliikosea "mbukwenyi" yake, akajicheka mwenyewe kabla sijawahi kumcheka.

Alifanya kazi bila haraka. Alitoboa kwa keekee, akachonga kwa patasi, akalijaribu bomba, akalitoa, akachonga tena unene wa ukucha mmoja. Siku ya pili akafungua mizigo yake na kukuta debe moja halimo. Wapagazi walikuwa wamelitupa njiani kwa sababu ya uvundo wake. Fundi akaniita.

"Nyemo, mwambie mzee, chombo hiki bila sifa kitazama. Nataka sifa nyingi, tena nzito."

Mimi sifa niliyoijua ilikuwa moja tu, ile ya wapagazi waliosifiana nguvu za mabega. Nikamwambia baba kwa Kigogo kwamba mashua isiposifiwa sana itazama. Baba hakushangaa hata kidogo. Ng'ombe wake wote aliwasifu kwa jina na kwa rangi, na aliona ni haki chombo nacho kitake heshima yake. Akatuma watu.

Asubuhi ya siku ya tatu wanawake wakaja na ngoma zao za muheme, wakaizunguka mashua, wakaiita dume jeupe lisiloogopa maji, wakazisifu mbavu zake na pua yake. Mama ndiye aliyeongoza. Fundi alisimama na patasi mkononi, akaniuliza wamefuata nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba wameleta sifa. Alicheka mpaka akakaa chini, akakohoa, akafuta machozi. Kicheko kilipokwisha akaitazama njia ya kumleta Mjerumani. Akanieleza polepole kwamba sifa ni mafuta ya samaki mkubwa wa baharini, ya kulowekea pamba inayozungushwa kwenye bomba ili maji yasipate njia. Siku nzima ilikuwa imepotea kwa ulimi wangu.

Baba akauliza kuna nini. Nikamtafsiria fundi swali hilo huku nalia. Akanitazama, kisha akamtazama baba.

"Mwambie nimelitamka vibaya mimi. Mtoto hakukosea."

Nikalitafsiri na hilo. Baba akanipapasa kichwa, akamsamehe mgeni kwa Kiswahili chake kibovu.

Mama aliomba kitambaa cha zamani cha fundi chenye harufu ya ile sifa, akakinusa, akakunja uso, akaenda jikoni. Vibuyu vyetu vikipasuka alivishona na kuviziba kwa nta. Safari hii akaichemsha nta na mafuta ya kambare. Fundi akachana mto wake, akatoa pamba, akailoweka, akaizungusha shingoni mwa bomba, akalisukuma toka nje kuingia ndani na kukaza nati kidogo tu. Jioni akakaza tena, na alfajiri mara ya mwisho. Mjerumani alipofika, nguruzi ikatiwa, mashua ikashushwa majini. Mjerumani akapanda, akapitisha kiganja chini kote kwa ndani, akakitazama. Kilikuwa kikavu. Akaamuru makasia.

Fundi Hamadi aliondoka na msafara huo, na sikumwona tena. Leo treni inapita Bahi, na wajukuu wangu wanazungumza Kiswahili safi cha shule. Wakikosea neno, mwalimu hulisahihisha kwa wino na mambo yakaisha. Nafurahi kwamba hakuna mgongo wa mtu unaongoja tafsiri yao. Lakini nimekaa na watu wazima wengi tangu siku ile, wasomi na wasiosoma, na sijaona mwingine ambaye, viboko vikiwa vinamngoja, alikuwa na nafasi ya kuificha aibu ya mtoto wa wenyewe. Baba alikufa akiamini kwamba watu wa pwani hawajui kutamka Kiswahili.