Ugonjwa wa Upande wa Mama

Mwanangu alikuwa bado shule ya msingi alipokohoa sana, nikamnunulia vidonge vya salfa kwenye duka la dawa karibu na soko la Rumonge. Kesho yake asubuhi aliniita chooni.

"Mama, nakojoa chai."

Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Macho yake yalikuwa ya manjano. Baba yake alikuwa amekwenda Kizuka kununua mawese, kwa hiyo nilimpakia mtoto kwenye pikipiki, nikamshikilia kifuani mpaka hospitali. Walimwongeza damu. Alipotulia, daktari aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Kwenu kuna mwanaume aliwahi kupata hivi?"

Nilimweleza habari za kaka yangu. Tulikuwa wadogo, tunaishi Kabonga. Alipewa dawa ya homa, akakojoa mweusi, akafa.

"Iko ndani ya damu," daktari akasema. "Kuna kimeng'enya ambacho mwili wake hauna cha kutosha. Dawa fulani zikiingia, chembe za damu zinapasuka. Mara nyingi mama anaibeba bila kuugua, mtoto wa kiume ndiye anaumia. Huku ziwani tunawaona wengi. Inaonekana inawakinga kidogo na malaria kali, ndiyo maana haikutoweka."

"Kwa hiyo imetoka kwangu."

"Na wewe uliipata kwa mama yako. Hakuna aliyekosa."

Mtoto alipona. Mimi sikupata usingizi, kwa sababu nyumbani kwetu kifo cha kaka kilikuwa na mtu wake. Jirani yetu, mama aliyetoka Fizi ng'ambo ya ziwa, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alimpa kaka samaki siku ile ile alipougua. Mama alisema amemroga. Hakumsalimia tena, na sisi watoto tukakatazwa kukanyaga uani kwake.

Nilikwenda Kabonga. Mama alikuwa akichambua maharage. Nilipomaliza kueleza, mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Unasema mimi ndiye nimemuua mutoto wangu."

"Hapana, mama. Ni ugonjwa tu."

"Kama si yule, ni mimi. Usiniletee tena maneno hayo."

Kila nilivyomtetea jirani, nilimshitaki mama yangu. Nilitoka, nikaingia uani kwa yule jirani. Alikuwa akigeuza ndagala juani.

"Amahoro, mama," nikamsalimia.

Alinitazama kwanza. "Mama yako anajua uko hapa?"

"Hajui."

Nilimweleza haraka haraka, nikiangalia nyuma. Hakuacha kugeuza samaki.

"Mimi nilijua si mimi," akasema. "Sasa toka, asikuone. Wewe ndiye utapata shida."

Nikatoka, kama nilivyofunzwa utotoni.

Siku hizi mama ni mzee, anaishi kwangu Rumonge. Mwanangu akipata homa, mama ndiye wa kwanza kusimama mlangoni na kuuliza: "Dawa hiyo haina salfa?" Nikimwambia haina, anaondoka. Jina la kaka halitaji. Nami sithubutu kumuuliza anaamini nini, nikiogopa atanijibu.

Yule jirani alipofariki, nilikwenda Kabonga kumzika. Mama alibaki chumbani, mlango umefungwa. Niliporudi aliniuliza kama watu walikuwa wengi. Nikamwambia walikuwa wengi. Akanigeuzia mgongo, akavuta kitenge mpaka kichwani.