Chungu, Mwambie Mwalimu

Keziya alikuwa na masikio mawili kama binadamu yeyote, ila moja halikuwa lake. Lilikuwa kazini mchana kutwa, likisubiri kikohozi cha baba mkwe.

Kikohozi chenyewe kilikuwa cha heshima. Mzee akitoka chumbani au akirudi matembezini alikohoa mara mbili, hm-hm, ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kupotea. Maana kwa Wanyakyusa wa kule kwetu mke hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, wala hakai alipokaa yeye. Hata jina lake halitamki. Mzee aliitwa Asajile, yaani amebariki, basi kanisani wimbo wa Kinyakyusa ukifika kwenye kubariki, Keziya alifumba mdomo akangoja wenzake wapite hapo. Msicheke. Ndivyo alivyoolewa, na ndivyo alivyokaa.

Yeye mwenyewe alikuwa Mkisi, wa kabila la wafinyanzi, kutoka Ikombe kando ya ziwa. Mama yake alifinyanga vyungu, akavipanga mtumbwini, akaenda kuvibadilisha kwa mahindi na mpunga. Keziya alipoolewa Matema alikuja na mikono ya mama yake. Kisha ikaingia miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, mitumba ikajaa minadani na sabuni za Malawi kila duka, na makundi ya wageni nayo yakaanza kushuka ziwani: wanafunzi, akina mama wa vikundi, Wazungu wenye mabegi mgongoni. Walitaka kujifunza ufinyanzi, lakini nani apande basi la Mbeya amepakata chungu? Keziya akabuni shanga za udongo. Wageni waliketi uani kwake, wakafinyanga, wakatoboa kwa njiti za ufagio. Zao zilibaki kukauka na kuchomwa. Wao wakatunga na kuvaa zile zilizoachwa na kundi lililotangulia. Watu walizipenda ajabu. Na Keziya, aliyekuwa mke wa Hebroni tu na mama wa Tumpale tu, akaitwa mwalimu. Jina hilo lilimkaa moyoni, sitaficha. Alikuwa akiosha vyombo huku akijiita mwenyewe kimoyomoyo.

Raha hiyo haikudumu. Mama mkwe alifariki huko Ikolo, na Hebroni akamleta baba yake Matema. Mzee Asajile alipenda watu kupita kiasi! Akisikia gari tu, huyo, kavaa koti lake jeusi, anakuja kusalimu. Hm-hm, na Keziya mbio migombani, akiwaacha wageni na tope mikononi. Ilitokea mara ya kwanza, wakacheka. Ilipotokea tena, hakucheka mtu. Hoteli ya ufukweni nayo ilikuwa imejenga banda zuri la makuti, ikitafuta makundi.

Ndipo Stella, aliyekuwa akiwaleta akina mama kutoka Mbeya, alipotuma ujumbe. "Dada Keziya, Alhamisi tunakuja. Ukitukimbia tena, tutahamia hotelini. Usinielewe vibaya."

Keziya hakuelewa vibaya. Alielewa vizuri mno. Akamwendea mumewe.

"Baba Tumpale, mwombe mzee Alhamisi akashinde Mwaya kwa mdogo wake."

"Nimfukuze baba yangu kwa sababu ya shanga?" Hebroni alikuwa akifunga mizigo ya kupeleka Karonga. "Mama Tumpale, una akili timamu?"

"Usimfukuze. Mwambie anakumbukwa huko."

Hebroni akaguna, lakini akaenda kumwambia. Mzee akakubali. Keziya hata hivyo hakutulia. Alifagia ua, akaufagia tena. Akakanda udongo hadi ukalainika, kisha akaukanda kwa hofu tu. Kuku akitetea nyuma ya nyumba, yeye keshasimama.

Alhamisi mzee aliondoka na fimbo yake, na akina mama wakafika. Wakaketi mkekani kuzunguka chungu kikubwa cha maji ya kulowanishia mikono. Keziya akawaonyesha namna ya kuviringisha punje ndogo viganjani, na hofu ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Ilikuwa ndiyo kwanza ashike njiti.

Hm-hm.

Loo! Mzee alikuwa amefika njia panda, akasikia gari limeingia kwa mwanawe. Hebroni yuko safarini. Wageni wapokelewe na nani, wakati mwenye mji yu hai? Aibu hiyo asingeweza kuibeba mpaka Mwaya. Akageuza. Kumbe Keziya alikuwa keshafika nyuma ya jiko, mgongo ukutani, njiti mkononi, machozi ya hasira yakimtoka.

"Mugonile, mama zangu!" mzee alisalimu, furaha tele. Wakampa kiti. Mmoja akamtia donge la udongo mkononi kwa utani, naye akalipokea.

"Tena?" Stella akauliza, akitazama mahali Keziya alipokuwa ameketi. "Haya jamani, naweni mikono. Twendeni hotelini."

Pale nyuma ya jiko Keziya alisikia neno hilo likimchoma. Kusema na mkwe ni mwiko. Lakini kusema na chungu je? Nani alimkataza mtu kusema na chungu?

"Wewe chungu!" alipaza sauti. "Waambie wageni wakae! Waambie njiti haisukumwi, punje itapasuka. Njiti inashikwa itulie, kinachozungushwa ni punje!"

Akina mama wakatazamana. Wawili watatu wakajaribu, wakapasua.

"Hatuoni mikono yake," Stella akasema. "Mafunzo gani haya ya kusikia ukutani?" Akainuka, akatafuta viatu.

Mzee Asajile akamgeukia. "Kwani anayefundisha ni nani?" aliuliza polepole.

"Si ni mkweo, baba! Ndiye mwalimu. Kila ukija anatukimbia."

Masikini mzee. Siku zote alidhani mwalimu hutoka hukohuko mjini na wageni, na kwamba mke wa mwanawe yuko jikoni anapika. Alilitazama lile donge mkononi mwake. Kisha akageuza kiti, akakaa uso ukielekea milimani. Akavua koti jeusi, akajifunika kichwa hadi kiunoni.

"Chungu," akasema humo ndani ya koti, "mwambie mwalimu mimi sipo."

Keziya akatoka. Mwanzoni sauti yake haikupanda. Jua la Matema mnalijua, na koti lilikuwa la sufu. Alifundisha huku jicho moja likirudi pale kitini: je, anapumua? Ataanguka? Mara mabega ya mzee yalitikisika, kikohozi kikimpanda, naye akakimeza. Kikapanda tena, akakimeza tena. Keziya alitamani wageni waondoke na alitamani wasiondoke. Walifinyanga, wakatoboa, wakatunga, wakavaa. Stella akamshika mikono yote miwili. "Mwezi ujao tuko hapahapa kwako, mwalimu."

Gari likaondoka. Ua ukawa kimya.

"Chungu," koti likauliza, "wameondoka?"

Hapo ndipo alipopaswa kukimbia. Badala yake alichota maji, akayaweka chini karibu na kiti, uso ameugeuzia pembeni, kisha akarudi nyuma ya ukuta. "Chungu, maji yapo. Na umshukuru, useme ndaga. Useme ndaga fijo."

Alisikia mzee akinywa hadi mwisho. Akasikia fimbo, mlango. Kisha kutoka chumbani kikaanza kikohozi, si kile cha hm-hm, bali kirefu cha kupasua kifua, kikohozi cha mchana mzima. Miguu ya Keziya ikainuka yenyewe kukimbia, naye akaikaripia.

Akaenda pale penye kiti. Kwenye ukingo wa chungu palikuwa na ushanga mmoja mbichi, mkubwa kama kokwa la mchikichi, umepinda upande. Mzee aliufinyanga gizani, ndani ya koti, kwa kuifuata sauti. Hakuwa na njiti, basi haukuwa na tundu.

Keziya akaketi, akachukua njiti yake, akaishika itulie. Akaanza kuuzungusha.