Odowa Badala ya Tembe

Mama alipasuliwa rovu la shingoni, na tangu hapo kalsiamu ya damu yake haisimami bila tembe. Ninayempa ni mimi, asubuhi, mchana na jioni. Nasomea mambo ya seli chuoni, lakini kazi yangu hasa ni kukaa katika chumba kimoja huku Majengo nikichungulia saa. Chuo cha ng'ambo kilikuwa kimenikubali kwa masomo ya miaka miwili, Mama anajua, na sikuwa nimejibu. Nilichoka, nasema wazi.

Nimemweleza mara ngapi! Ndani ya kila seli ya msuli kuna vifuko vinavyoweka kalsiamu. Neva ikiamuru, milango yake hufunguka, kalsiamu humwagika, msuli hujikunja, kisha kalsiamu husukumwa irudi ndani. Ile ya damu ikipungua, neva huwehuka, huamuru ovyo, na mkono hukwama.

"Kumbe ghala limejaa," alinijibu. "Sasa wanisumbulia nini?"

Wiki moja nilikuwa na mitihani, nikamwachia ajimezee mwenyewe. Jumamosi, nikiwa nafua nguo kwenye beseni, akaniita. Alisimama kwenye geti letu la chuma, ambalo hufungwa kwa kufuli hata mchana, ufunguo kiganjani, vidole vimejikunja juu yake kama miguu ya kuku. Midomo ilikuwa ikimcheza. Nikakimbilia kopo la tembe. Ndani mlikuwa na vipande vya odowa, yale mawe laini wanayotafuna wajawazito.

"Tembe ziko wapi?"

"Nimempa jirani wa juu. Ana mimba, miguu inamkaza. Mimi nala odowa. Si ulisema kalsiamu iko kwenye mawe?"

"Nilisema chokaa, Mama! Huu ni udongo! Ya Rabi!"

Nilimkunjua kidole kimoja, kingine kikajikunja, ufunguo haukutoka. Tulikuwa tumefungiwa ndani sote wawili. Nikapiga kelele kuomba tembe hadi jirani akashuka mbio, akanipitishia tembe kati ya vyuma huku akilia. Nikazisaga, nikamlisha Mama kwa kijiko.

Vidole vilichukua muda kulegea, nami sikuacha kugomba. Kwa nini anifanyie hivi?

"Odowa najinunulia mwenyewe, hapo nje tu," akasema taratibu. "Nilitaka nione kama naweza kukaa bila wewe."

Hasira zote zikaniisha, na hapo ndipo nilipoogopa, maana nilijua siendi ng'ambo wala popote.