Ziwa la Nta

Karatasi ya hospitali ya kukubali kupasuliwa ilikaa juu ya kikabati changu siku nne bila dole gumba langu. Kila asubuhi nesi alipokuja kutandika aliitazama, akaguna, akaenda zake. Bwana mganga, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alishanieleza waziwazi kwamba uvimbe ulikuwa katika ziwa la kushoto na lazima ziwa lote liondolewe, tena upesi. "Kata, pona. Hapana kata, kufa." Nikamwambia basi nitakufa na viungo vyangu vyote, ahsante. Nilikuwa mkali siku hizo. Hata sasa sijapoa sana.

Mimi ni fundi cherehani wa Gongoni. Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa nawashonea wanawake wa Tabora magauni ya harusi na ya Idi, na vipimo vya vifua vya mtaa mzima nilikuwa navyo kichwani. Nikajiuliza, nani atakuja kupimwa na fundi ambaye kifua chake mwenyewe kimepungua? Mume wangu, fundi viatu, mtu mpole mpaka anakera, alikuwa akileta uji, anakaa ukingoni mwa kitanda, anatazama viatu vya wapitao, kisha anasema, "Mungu yupo." Majirani nao walikuja, wakanitazama usoni, miguuni, ukutani, kila mahali isipokuwa pale penyewe. Hakuna aliyelitaja lile ziwa. Jambo hilo liliniuma kuliko uvimbe.

Siku ya tano nilisikia harufu ya nta. Nikageuka, nikamwona mwanamke mfupi, mnene, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, amesimama mlangoni mwa wodi. Mara akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kwa sauti.

"Uwii! Uwii! Jamani, Mzaramo amefiwa!"

Wodi nzima ikageuka kumtazama. Akaja moja kwa moja mpaka kitandani kwangu, akanipa mkono wa pole.

"Pole na msiba, mtani. Nimesikia kwa nesi kwamba unazika ziwa. Mazishi lini? Na sisi Wanyamwezi tutakula nini?"

Mimi nilizaliwa Tabora, lakini baba yangu alitoka Uzaramo akaja na kazi ya reli. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakibeba meno ya tembo kwenda pwani na kupita vijijini kwetu wakiomba maji. Mtani akija msibani kwako anaweza hata kuigiza sauti ya marehemu, na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Basi na mimi nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira, sikuiona.

"Toka hapa, mpagazi we!" nikamwambia. "Mzigo wako umeuacha wapi?"

Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza siku nne nzima, ukiondoa "sitaki".

"Mzigo huu hapa," akasema. Akaingiza mkono ndani ya gauni, upande wa kulia, akatoa kitu cha mviringo kilichofungwa kwa kitambaa cha amerikani, akakiweka juu ya ile karatasi yangu. "Langu walilikata hapahapa mwaka jana. Hili nimelifinyanga mwenyewe kwa nta ya mizinga ya kaka yangu kule Ipole. Shika, haling'ati."

Nikalishika. Lilikuwa na joto la mwili wake. Kilichonipandisha damu ni ule mshono, sindano imekwenda huku na huku utadhani mshonaji alikuwa anakimbizwa.

"Nani kakushonea uchafu huu?"

"Mimi."

"Inaonekana."

Akaangua kicheko. Kisha akavuta pazia la kitanda, akafungua vifungo, akanionyesha. Palikuwa na kovu refu, limekauka, basi. Nikamuuliza naweza kugusa, akasema gusa. Nikamuuliza mumewe alisema nini. "Aliuliza chakula kiko wapi." Halafu akaacha mzaha, akaniambia kwamba na yeye aliogopa mpaka akatapika, kwamba alilia wiki nzima, kwamba mkono utauma na wiki za kwanza nitawachukia watu wote wenye maziwa mawili. Hakunificha kitu. Nilimsikiliza huku machozi yananitoka, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu.

"Sikiliza," akasema akifunga vifungo. "La kulia langu limekwenda, nimebaki na la kushoto. Wewe likienda la kushoto, utabaki na la kulia. Tukikaa benchi moja tumetimia."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nesi akaja mbio kuona kuna nini. Nikamwambia alete wino.

Nikakatwa, ikawa kama alivyosema, maumivu na chuki vyote. Lakini kila lori la asali liliposhuka Tabora, naye alishuka nalo. Alinisimamisha ukutani na kunifundisha kutambaza vidole kwenda juu, leo tofali hili, kesho lile, mpaka mkono ukanyooka, nikarudi kwenye cherehani. Wateja nao walirudi. Walitaka magauni, kifua changu hawakuwa na haja nacho. Nesi akapata mazoea, akiwa na mwanamke anayeikataa karatasi anatuma mtu Gongoni kuniita, na mtani akiwa mjini tunakwenda wote. Wengine hawakuwa watani zetu. Hao tuliwapelekea uji, tukakaa nao, tukawafungulia vifungo.

Lile ziwa la nta halikudumu. Mwezi wa kumi, juu ya lori, jua lilikuwa la kupasua kichwa, na alipofika kwangu nta ilikuwa imeyeyuka, imeteremka mpaka kiunoni. Tena akaniambia nyuki walikuwa wakimfuata nalo mpaka kwenye ibada. Nikamshonea la sufi, mshono wa kifundi, na ndani nikatia ulezi kidogo lipate uzito. Nilijiona mjanja. Masika yalipoingia akanyeshewa mara mbili tatu, ulezi ukachipua. Alikuja Gongoni na jembe begani, akasimama barazani kwangu, akauliza palizi inaanza lini.

Baada ya masika hayo malori mawili yalikuja bila yeye. La tatu dereva akaniambia, "Mtani wako haonekani. Wanasema umemtoka uvimbe mwingine, upande uliobaki, na hospitali hataki hata kuisikia."

Nikapanda lori lilelile wakati wa kurudi. Nilimkuta kwake Ipole, amekaa mkekani nyuma ya nyumba. Aliponiona akainuka kidogo.

"Karibu, dada. Habari za safari? Nyumbani hawajambo?"

Mtani anayekusalimu kwa adabu! Afadhali angenitukana mama yangu. Nikaweka mikono kichwani kama yeye siku ile, nikalia, "Uwii, Mnyamwezi amefiwa!" Hakucheka. Nikamwambia nimekuja kula ubwabwa wa msiba, nikamwita mpagazi, nikamwuliza nyuki wake hawajambo. Utani wenyewe siujui vizuri, ulikuwa unanitoka mkavu, na kila neno lilianguka pale mkekani likabaki hapo. Mwishoni nikaishiwa. Nikakaa chini, nikalia kweli.

"Mimi nakutaka," nikamwambia. "Nakutaka uwe hai. Nitakaa na nani kwenye benchi?"

Akachuma nyuzi za mkeka.

"Wakilikata na hili," akasema, "hatutimii tena. Wewe utakuwa na moja, mimi sina kitu."

"Nitakuazima langu."

Akaniinulia macho. Akanitazama kifuani, akakitazama sawasawa, akabetua midomo.

"Hilo? Dogo kama ndimu? Mimi nitalipeleka wapi, Mzaramo?"

Sijapata kutukanwa tukano tamu kama lile. Nikajua tunakwenda. Akaniambia nitoe miguu yangu mkekani kwake, anataka kutafuta gauni.

Karatasi aliitia dole gumba siku ileile tuliyofika, hata hakuitazama. Usiombe kungoja mtu nje ya chumba kile. Mume wangu alikuja kukaa nami, akasema, "Mungu yupo," na safari hiyo nikamshika mkono, nikaitikia. Walipomtoa alikuwa amefungwa bendeji kifua kizima, midomo imemkauka, macho hayafunguki. Nilikaa naye mchana wote nikimlowanishia midomo kwa pamba. Nilikuwa nimekwisha kuogopa kila kitu cha kuogopwa, ndipo aliposogeza vidole.

"Mzaramo."

"Naam, mtani."

"Uliahidi. Lete."

Nikauchukua mkono wake, nikauweka upande wangu wa kulia juu ya kanga, nikaushikilia hapo mpaka akalala tena.

Kidonda kilipona. Na hadi leo, wote wawili tukiwa vizee, kila akija Gongoni, kabla hajavua viatu, huuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kama bado namtunzia ziwa lake.