Damu ya Watoto Waliookotwa Jaani

Mjukuu wangu alipovimba vidole vya mikono na miguu, tulidhani ni baridi ya ziwa. Mama yake alimkanda kwa maji ya moto, wapi, mtoto akazidi kulia. Hospitalini Kisumu walimtoa damu, kisha daktari, msichana mpole, akaniita ndani mimi na mke wa mwanangu.

Alisema ni selimundu. Chembe za damu hujipinda kama mundu, zikaziba njia, mtoto akaumia. Chanzo ni jeni, kitu mtu anachorithi kwa wazazi. Mimi shule niliachia darasa la tatu, basi nikauliza.

"Hiyo jeni inakaa wapi? Vidoleni?"

"Iko mwili mzima, Dani," akasema, akiniita bibi kwa Kijaluo, "karibu kila mahali. Lakini kwingine imelala tu. Kazi yake iko ndani ya mifupa, kwenye uboho, damu inapotengenezwa."

Hapo nikaelewa. Sufuria unaweza kuiweka hata chumba cha kulala, lakini ugali utasongwa jikoni.

"Na nani alimpa?"

"Wazazi wote wawili. Wenyewe wanaweza wasiugue kabisa."

Jumamosi wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, alikuja kutoka Milimani. Hata chai hajaionja, akamgeukia mke wa mwanangu, binti aliyeolewa kutoka Sondu.

"Nyar Sondu, mmetuletea damu gani? Kwetu hakuna kitu kama hicho. Rudi nayo kwenu."

Mwanangu aliangalia viatu vyake. Mkewe akaingia chumbani na mtoto, akafunga mlango, nikasikia anavuta begi.

Sasa, zamani katika boma hili, mama aliyefiwa na watoto wachanga akijifungua mwingine, alimlaza jaani alfajiri, kwenye takataka, ili kifo kione mtoto huyo hatakiwi. Jirani akajifanya anapita, akamwokota, akamrudisha. Mtoto akapewa jina lenye maana ya aliyetupwa. Watoto hao wote nawajua kwa majina, na wadogo waliozikwa kabla yao. Nikamtajia wifi yangu: baba yake mdogo, binamu zake, shangazi yake.

"Na wewe mwenyewe," nikasema, "si uliokotwa jaani? Jina lako linasema nini?"

"Nyar Awasi!" akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa. "Hayo ni ya kale."

"Watoto ni wa kale, damu si ya kale. Sisemi wote walikufa kwa hii, homa pia ilikuwepo. Lakini usiseme kwetu hakuna kitu."

"Wewe utazikwa mdomo wazi," akasema, akavuta kikombe chake.

Mwanangu akainuka, akasimama mlangoni pa chumba.

"Jumatatu nitapimwa damu."

"Ni wewe unasema, au unamwogopa mama yako?" mkewe akauliza kutoka ndani.

"Yote mawili."

Mlango ukafunguka, akatoka na mtoto, begi akaliacha kitandani.

"Mshike basi," akamwambia. "Polepole hapo vidoleni."