Sanduku la Cheruto

Siku Cheruto alipofaulu mtihani wa kuingia sekondari ya serikali inayochagua watoto, mamake, Jepchirchir, alikwenda moja kwa moja kununua sanduku la bati na kufuli, kama alivyonunuliwa yeye akienda bweni kule Kenya.

Mumewe akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Cheruto, huku ughaibuni mtoto analala kwao. Wanachotaka ni tuishi karibu na shule. Wa kuhama ni sisi."

Jumamosi wakaenda Acocks Green, mtaa wa karibu na shule, kutazama nyumba. Jua la Oktoba lilikuwa limejilaza jikoni kama paka. Jepchirchir akasimama dirishani, akamwona tena mamake wa miaka ile, langoni mwa bweni, akipunga leso, kisha akigeuka kurudi nyumbani peke yake.

Waliporudi nyumbani kwao, mtaa wa Ladywood, alifungua sanduku, akaanza kupanga nguo zake mwenyewe.