Waya wa Kubana kwa Kidole

Mikono yangu haijawahi kukiacha kitu kama kilivyotoka dukani. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kilwa Masoko. Tulikuwa tumetoka kupanga foleni ya sabuni, ghafla maduka yakajaa redio kaseti za kila rangi. Wenzangu walizinunua, mimi nikawa nazifungua. Muuza duka mmoja wa Kihindi karibu na soko alinipa zile zilizomfia, akanitania kwamba mwalimu anakusanya mifupa. Waliocheka niliwaacha wacheke. Redio zao zilipozimika walikumbuka njia ya kuja kwangu.

Nyumbani nilikuwa na mama tu. Mwaka mmoja baada ya baba kufariki, malaria ilimlaza mama vibaya, akatundikiwa dripu za kwinini. Alipona, lakini masikio yalikwenda moja kwa moja. Tangu hapo tukawa tunampigia kelele. Nyumba yetu, kama nyingi za mtaa ule, kuta za vyumba hazikufika kwenye paa, kwa hiyo majirani walijua mama amekula nini na kama amepata choo au bado. Yeye mwenyewe akaona aibu, akaacha kuuliza habari za watu. Hilo liliniuma kuliko uziwi wenyewe.

Kaka yangu, mtoto pekee aliyenitangulia, aliishi Dar akiuza mitumba. Siku moja alikuja bila kutuarifu, amekonda, kiunoni amening'iniza ile kaseti ndogo ya kusikiliza kwa hedifoni, tuliyokuwa tukiiita wokmani. Alimpa mama shikamoo kwa kumwinamia. Mama aliitikia marahaba akiangalia mlango. Tulipobaki wawili uani akaniambia, "Mdogo wangu, mama hana radhi na mimi."

"Amekwambia?"

"Hajaniambia. Ndiyo maana naogopa. Nimezika watoto wawili, na mke wangu ana mimba nyingine."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Baba alipozidiwa nilimpelekea kaka simu ya maandishi aje upesi. Alifika siku tatu baada ya maziko, akasema Rufiji ilikuwa imefurika na kivuko cha Ndundu hakivushi. Mvua zilikuwa kubwa msimu ule, nikamwamini. Sasa alikuwa ananiambia kwamba simu ile aliipata mapema, njia ikiwa wazi, lakini akakaa Dar kungojea robota la mitumba litoke bandarini.

"Nilidhani baba atanisubiri," akasema.

Nilikuwa na bakuli la mchele mkononi, na kusema kweli nilitamani kumrushia. Baba alikuwa akimuulizia kila alipofumbua macho, na mimi ndiye niliyekuwa nikimjibu kwamba yuko njiani. Ila ni mkubwa wangu, na ningefungua mdomo ningemtukana.

"Kamwambie basi," nikasema mwishowe.

"Wakati anasikia niliogopa. Sasa nitamwambiaje? Niombe radhi kwa kupiga kelele, mtaa mzima usikie nilivyomfanyia baba?"

Barua nayo isingefaa. Mama alisoma Kurani, lakini barua zetu alikuwa akisomewa, na kaka hakutaka maneno yale yapite kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nilimwelewa, ingawa sikupenda kumwelewa. Nikamwambia anipe hiyo wokmani.

Kifaa kile hunyonya sauti kwenye mkanda kwa kichwa kidogo cha chuma, kisha huikuza na kuipeleka masikioni. Nikakata nyaya za kile kichwa, mahali pake nikaunganisha kipaza sauti kidogo nilichokichomoa kwenye mojawapo ya mifupa yangu. Nikakata na waya wa mota, isije ikazunguka bure na kumvumia mama masikioni. Pasi ya umeme ya kuchomelea sikuwa nayo, nilipasha kipande cha shaba kwenye jiko la mkaa na kuyeyushia risasi. Kazi ilinichukua siku mbili. Ikabaki kasoro moja: waya wa hedifoni, pale unapoingia kwenye kifaa, ulikuwa umelegea kwa ndani. Ukiubana kwa kidole sauti inakuja, ukiuachia kimya. Ilikuwa kazi ya nusu saa kuutengeneza, lakini nilikuwa na haraka ya kuonwa fundi, nikauacha hivyo hivyo.

Nikamvisha mama hedifoni, nikabana waya, nikamwambia kwa sauti yangu ya kawaida, "Mama, hujambo?"

Akanidaka mkono. "Mbona unapumua kwa nguvu hivyo?" akauliza. Halafu akawasikiliza kuku wanavyoparua uani, machozi yakamtoka. Siku ile nilijiona sina mfano, siwezi kukataa.

Kesho yake baada ya alasiri nikamwonyesha kaka pa kusemea na pa kubana. "Kwa kidole gumba," nikamwambia. "Usiachie." Kisha nikachukua ndoo nikaenda bombani, maana kwa kuta zile hata mnong'ono ningeusikia. Niliporudi nilimkuta kaka mlangoni, macho mekundu.

"Amesema ameniwia radhi," akaniambia. "Duniani na ahera."

Aliondoka na gari la alfajiri. Mtoto yule alizaliwa salama na leo ni mtu mzima. Kaka hadi sasa huwaambia watu kwamba mikono yangu ndiyo iliyomwokoa. Sijawahi kumkatalia.

Asubuhi ile ile aliyoondoka nilikaa na mama kitandani kwake, nikamvisha hedifoni, nikabana waya. Nikamuuliza kama walizungumza vizuri.

"Nilisikia 'mama yangu'," akasema. "Halafu akaanza kulia, akauachia waya ajifute macho. Baada ya hapo nikawa naona mdomo tu unakwenda."

Nilikumbuka ile nusu saa.

"Kwa hiyo hujui alichokuambia."

Mama alikuwa anajisikia mwenyewe kupitia hedifoni, kwa hiyo alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. "Mwanangu, siku tuliyomzika baba yako gari la Dar lilivuka Rufiji likafika. Waliolipanda walikuja hapa kunipa pole."

"Ulijua siku zote?"

"Nilikuwa nangoja aje mwenyewe."

"Sasa kwa nini hukumwonyesha kwamba ameuachia waya?"

Aliniangalia kama mtu asiyeamini kwamba mimi ni mwalimu. "Ili aseme mara ya pili?"

Akavua hedifoni, akanikabidhi. Nikaenda uani, nikawasha jiko, nikapasha ile shaba, nikauchomelea waya ukashika vizuri. Ilikuwa kazi ya nusu saa kweli.